Ahadi ya Mnarja na Ndege ya Saa Moja

Roma, 12 Februari 1968

Mama Mkubwa wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kwa mashavu yote mawili, na kwa moyo ambao siku hizi hautulii kifuani. Habari za nyumbani? Miguu yako je, na sungura, na Baba Mkubwa Salvu, na punda wake? Mimi sijambo. Hapana, neno hilo ni dogo mno. Mimi ni mke wa mtu! Mwezi mzima umepita tangu tutoke kanisani hapo Siggiewi, na bado kila asubuhi nautazama mkono wangu kana kwamba umevaa pete ya mwanamke mwingine mwenye bahati.

Pierpaolo anakusalimu sana. Huimba akipiga mswaki. Umewahi kumsikia mtu akiimba na mswaki mdomoni? Maneno hayasikiki, lakini mimi nayaelewa yote.

Mama yake, Mama Ersilia, anakaa mtaa wa pili na hutuletea chakula kila siku, kwa sababu haamini kwamba watu wa kisiwani tunajua kupika. Juzi aliniuliza kama kwetu Malta kuna majiko. Nikamwambia, "Lipo moja, Mama, tunapokezana." Akanihurumia, akaniongezea nyama.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mnarja! Unakumbuka ulivyomwamuru mwanasheria aandike kwenye mkataba wetu wa ndoa kwamba bwana harusi atampeleka mkewe kwenye sherehe ya Mnarja katika mwaka wa kwanza, amevaa gauni lake la harusi na shela, kama walivyofanyiwa wanawake wa kwetu tangu zamani? Watu walicheka, wakasema siku hizi nani bado anaandika hayo. Pierpaolo wangu hakucheka. Alitia saini kwa nguvu mpaka wino ukatokea upande wa pili wa karatasi.

Na ameshaanza kupanga safari! Wewe unajua kazi yake ni kuuza tiketi za ndege katika ofisi ile ya karibu na stesheni. Roma nzima hakuna azijuaye ndege kama yeye. Anasema kutoka hapa hadi Valletta ni saa moja na kidogo tu: pipi unayopewa mkipaa haijaisha mdomoni mnatua. Jana baada ya kula alinionyesha njia yote mezani. Roma ilikuwa kidau cha chumvi, Malta ilikuwa zeituni moja, ndege ilikuwa kijiko. Kijiko kikapaa juu ya chupa ya divai, kikauzunguka mlima Etna, ambao ulikuwa mkate, kikatua juu ya zeituni taratibu kama busu. Mama Mkubwa, nilitokwa na machozi.

Kuna kafundo kamoja tu. Mnarja yetu ni mkesha wa tarehe 28 Juni na siku ya 29, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Na Roma yote inawasherehekea watakatifu hao hao siku hiyo hiyo, na mume wangu alizaliwa siku hiyo, ndiyo maana akabebeshwa majina yote mawili. Mama yake hajawahi kukosa kumpikia mchana wa tarehe hiyo. Lakini ndege si ya saa moja? Mkesha tutakula sungura nanyi msituni Buskett, mchana unaofuata tutakula tambi Roma. Kijiko kitapaa mara mbili, basi.

Nakuomba uliangalie gauni langu lisiliwe na nondo. Na jambo jingine. Hujawahi kunisimulia Mnarja yako wewe ilikuwaje. Nilipokuwa mtoto ukinisuka, nikiuliza, ulikuwa unazivuta nywele na kusema, "Kaa kimya." Sasa mimi ni mwanamke mwenzako. Nisimulie.

Mwanao aliyelewa furaha,
Ditta


Siggiewi, 1 Machi 1968

Ditta mwanangu,

Barua yako imefika, nzito mpaka mpeleka barua alitaka kujua kama kuna mgonjwa. Hakuna. Anayeandika hapa ni Baba yako Mkubwa kama siku zote, maana mkono wangu ulijifunza mundu, haukujifunza kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza asitie neno lake.

(Sitii. Salvu.)

Miguu inauma mvua ikitaka kunyesha. Jirani Filomena amenunua televisheni, na sasa watu wote ni rafiki zake. Baba yako Mkubwa ni mzima kuliko anavyostahili.

(Ni kweli niko mzima. Salvu.)

Gauni liko salama. Nimeliwekea karafuu. Usinenepe huko, maana kitambaa kilichobaki nilimshonea Yesu mtoto wa kanisani, na siwezi kumvua.

Naona unanieleza habari za vijiko na zeituni. Nakuuliza swali moja. Huyo kijana wako ameshawahi kupanda ndege? Sisemi kuuza, nasema kupanda. Alipokuja Malta mara ya kwanza na mahujaji wa parokia yake, alikuja kwa meli. Alipokuja kuoa, meli. Alipokuchukua, meli, halafu treni kutwa kucha. Mimi sikusoma, lakini meli najua kuzihesabu.

Nikuambie wazi. Kile kipengele cha mkataba sikukiweka kwa mchezo. Mwanamume anaweza kukupenda kwa maneno mwaka mzima. Mnarja ni siku moja ambayo lazima aje nawe, mbele ya watu, na kila mtu akuone.

Umeuliza Mnarja yangu mimi ilikuwaje. Sungura wamezaa, wadogo ni wengi, wawili weusi.

Mama yako Mkubwa,
Censa

(Hapo kwenye Mnarja nilibaki na kalamu hewani. Kisha akaja na sungura. Salvu.)


Roma, 24 Machi 1968

Mama Mkubwa wangu, ua la moyo wangu,

Salamu nyingi zinazonukia maua, maana hapa miti imechanua na kila nikipita chini yake naona kama nafunga ndoa upya! Tuko wazima. Pierpaolo alipata mafua, nikamkanda, akapona, ikawa kama fungate ya pili.

Nimecheka sana kwa swali lako. Mama Mkubwa jamani! Mtu anayeuza ndege kumuuliza kama amepanda ndege ni sawa na kumuuliza mwoka mikate kama amewahi kula mkate.

Na hujui anavyopanga kwa uangalifu. Mpango wa kwanza ulikuwa ndege ya asubuhi, lakini anasema asubuhi kuna ukungu. Akabadili ikawa ya mchana, lakini mchana hewa hupanda joto na ndege huruka kama mbuzi. Akabadili ikawa ya jioni, lakini jioni rubani amechoka. Viti vya mbele vina kelele, vya nyuma vinatikisika, vya katikati viko juu ya mabawa na mtu haoni kitu. Jana aliniambia, macho yake yamejaa mapenzi, "Ditta, kwa nini tusiende kwa treni mpaka Sicilia, halafu meli? Tutakaa pamoja siku mbili badala ya saa moja." Siku mbili badala ya saa moja! Nani anapendwa kama mimi?

Kwa upande wa Mama Ersilia mambo si laini. Nilimweleza habari za mkesha tukiwa tunamenya mboga ya artichoki.

"Tarehe ngapi?" akauliza.

"Ishirini na nane, Mama. Tunarudi ishirini na tisa kabla ya chakula."

"Na ndege ikichelewa?"

"Ni saa moja tu, Mama."

"Nilipomzaa niliambiwa ni saa moja tu. Nikakaa siku mbili." Akakata kichwa cha artichoki. "Hicho kisiwa chenu hakiwezi kufanya sherehe wiki inayofuata?"

"Watakatifu ni wale wale, Mama."

"Basi waje wao Roma. Makaburi yao yako huku."

 Pierpaolo alikuwa mlangoni, na nilimwona kama mtu aliyepata nafuu. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa hatugombani.

Umenijibu habari za sungura badala ya Mnarja. Nimeliona hilo.

Wako anayeelea kwa furaha,
Ditta


Siggiewi, 20 Aprili 1968

Ditta mwanangu,

Pasaka imepita salama. Nimekuokea keki yako ya Pasaka yenye umbo la samaki kama kila mwaka, nikasahau kwamba umeolewa. Ikakaa mezani siku tatu. Baba yako Mkubwa akaila, akasema alikuwa anaizuia isioze.

(Ilikuwa inaanza kuoza. Salvu.)

Nilikuuliza swali, ukanijibu mikate. Sasa sikiliza. Baba yako Mkubwa alipokuwa ananisomea barua yako alicheka mpaka akapaliwa. Amenikumbusha siku kijana wako aliposhuka melini kuja kuoa. Alipiga magoti gatini, akabusu mawe. Sisi tukasema, tazama mcha Mungu. Baba yako Mkubwa anasema hakuwa akisali, alikuwa anashukuru mawe kwa kutotikisika. Sasa kama mtu anaogopa meli kiasi hicho na bado anaipendekeza, fikiria hiyo ndege anaionaje.

Asubuhi ukungu, mchana mbuzi, jioni rubani amechoka. Mwanangu, hiyo ndege itapaa saa ngapi?

Punda wa Baba yako Mkubwa anafanya mazoezi kwa ajili ya mbio za Mnarja. Kila jioni wanapita hapa mlangoni wakitimua vumbi juu ya nguo zangu zilizoanikwa. Punda anakula vizuri kuliko mimi. Sitashangaa, mimi namjua mtu ambaye mwaka wa kwanza wa ndoa alipewa achague kati ya punda na kitu kingine.

(Nimeuliza kitu gani kingine. Ameniambia niandike, nisiulize. Salvu.)

Mchunguze mumeo kwa upole, lakini mchunguze.

Censa


Roma, 19 Mei 1968

Mama Mkubwa,

Salamu. Tuko wazima wa mwili.

Ulikuwa umejua. Juzi nilimpelekea Pierpaolo chakula ofisini. Mbele yake alikuwa amekaa mtawa mmoja mzee anayesafiri kwenda Lisbon kumzika kaka yake. Nikasimama nyuma ya nguzo nimtazame mume wangu akifanya kazi, maana napenda anavyoinamisha kichwa. Mtawa akamuuliza, "Mwanangu, huko juu kunatisha?"

Pierpaolo akasema, "Wanasema hakutishi, Mama."

Wanasema!

Mwenzake wa meza ya pili, Norma, akaniona, akaninong'oneza, "Afadhali umekuja, dada. Ongea naye. Kila Jumatatu anawaandikia viti viwili vya Malta, kila Ijumaa anavifuta. Hivyo viti vimechoka."

Nikaondoka na chakula chake. Jioni nilimngoja jikoni na taa imezimwa, kwa sababu balbu ilikuwa imeungua. Na pale gizani ndipo mambo yakaanza kuniangaza. Balbu zetu huja kubadilishwa na Mama Ersilia, yeye ndiye hupanda kiti. Tuliikataa nyumba nzuri ya ghorofa ya nne, Pierpaolo akisema anataka tuwe karibu na bustani. Hapa hakuna bustani. Kuna mapipa ya taka.

Alipoingia nikamuuliza, "Pierpaolo, umewahi kupanda ndege?"

Akakaa. Akavua kofia. Akasema, "Nimewapandisha watu wengi sana, Ditta."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe, hapana." Halafu yote yakamtoka. Kwamba akisimama kwenye ngazi ya tatu tu dunia inamzunguka. Kwamba alichukua kazi ya ndege akidhani ataizoea hofu kwa kukaa nayo karibu, na badala yake sasa anajua kila kitu kinachoweza kulegea. Kwamba aliposaini ule mkataba aliamini kabisa kwamba kufikia Juni atakuwa mtu mwingine. "Kila Jumatatu nakuwa mtu huyo," akasema. "Ijumaa narudi kuwa mimi."

Nilimwambia nitakuja peke yangu. Nilisema kwa sauti kubwa, majirani walisikia. Akaniambia, "Usiende peke yako na gauni lile, watu watanionaje?" Nikamwambia, "Hawatakuona, ndilo tatizo." Kisha tukalia wote wawili, kila mtu upande wake wa meza, na kidau cha chumvi katikati.

Nampenda, Mama Mkubwa. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Lakini nitatembeaje Buskett na shela kichwani, pembeni yangu hakuna mtu, kama jini lililopotea njia? Niambie nifanye nini. Na safari hii usinipe sungura. Niambie Mnarja yako ilikuwaje.

Ditta


Siggiewi, 2 Juni 1968

Ditta,

Umeacha kuniita ua la moyo wako, kwa hiyo najua mambo ni makubwa. Nitakusimulia, kisha sitarudia. Nimemwambia mwandishi aandike kila neno kama linavyotoka mdomoni, asiruke.

Niliolewa mwaka 1927. Mkataba wetu pia ulikuwa na kile kipengele. Tarehe 28 Juni, mchana, mume wangu aliniambia anampeleka punda wake mbele, yule aliyeitwa Sultan, akampumzishe kwa mbio za kesho yake, halafu atarudi na gari la jirani yetu Filippu kunichukua. Nikaoga. Nikavaa gauni langu. Mama yangu akanifunga shela. Nikakaa mlangoni kwenye kiti, maana ndani kulikuwa na joto na gauni lingekunjamana. Magari yalipita moja moja, yamejaa watu na magitaa. Waliniita, "Censa, panda!" Nikasema, "Mume wangu anakuja."

Kengele za jioni zikalia. Nikabaki pale. Mama akaniambia niingie, sikuingia. Kulipopambazuka bado nilikuwa na shela.

Alirudi jioni ya pili, amebebwa mabegani. Sultan alikuwa ameshinda. Alikuwa na bendera ya ushindi mkononi na divai kichwani, na nilikuwa nimeshavua, nimeshakunja, namenya vitunguu. Akasema, "Censa, tumeshinda!" Nikasema, "Hongera." Hakuuliza kitu. Mimi sikusema kitu.

Bendera ya mshindi hupewa kanisa, unajua desturi, inashonwa kitambaa cha altare. Hadi leo ipo, altare ya pembeni kushoto, mbele kabisa ya mahali ninapokaa. Kwa hiyo kwa miaka arobaini na moja mimi husali nimefumba macho. Padri anadhani ni uchaji.

Sasa wewe. Usije peke yako, na usimtukane mumeo. Wangu alisahau. Wako haisahau Mnarja hata siku moja, anaiogopa safari yake kila siku. Mtu anayekuandikia kiti kila Jumatatu anataka kuja. Anachokosa ni kitu cha kumvusha Ijumaa. Nenda kwa mama yake. Mwambie ukweli, kisha mwalike. Meza ya tarehe 29 ikihamia kwangu, mwana ataifuata.

Mwandishi ameinuka, kalamu bado mkononi, anataka kwenda zizini. Sijui kama ameliandika hili la mwisho.

Censa

(Nimeliandika. Nimerudi kutoka zizini sasa, yeye amelala. Ditta, nimeandika yote kama alivyosema. Nilijua sikumchukua. Siku zote nilidhani aliona nimechelewa, akalala. Sikujua habari za kiti mlangoni. Salvu.)


Roma, 4 Julai 1968

Mama Mkubwa wangu, ua la moyo wangu, bustani nzima ya moyo wangu!

Ulikuwepo, uliona kwa macho yako, lakini hukuiona safari yenyewe, na lazima nikusimulie maana nikinyamaza nitapasuka.

Nilikwenda kwa Mama Ersilia kama ulivyoniambia. "Mama," nikasema, "mwanao anaogopa ndege."

"Najua. Anaogopa hata kiti. Kaipata kwa baba yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliniuliza habari za artichoki."

Nikamsomea barua yako yote, ile ya kiti cha mlangoni, nikiifasiri neno kwa neno. Alinisikiliza akiwa amesimama na mwiko. Nilipomaliza akajifuta macho kwa aproni, akasema, "Huyo punda alikufa lini?" Nikasema sijui. "Natumaini alikufa vibaya." Halafu akauliza, "Kwenye hiyo ndege, mtu anaruhusiwa kuingia na sufuria?"

Siku ya 28 tulifika kiwanja cha ndege, sisi watatu na sufuria ya mchuzi wa mkia wa ng'ombe iliyofungwa mataulo manne. Pierpaolo alikuwa fundi kweli kweli. Alituonyesha pa kusimama, akamsaidia Mjerumani mmoja kujua mlango wake, akamweleza mama mwenye mtoto kwa nini masikio yataziba. Mpaka tukafika chini ya ngazi za ndege. Hapo miguu yake ikagoma. Watu wakatupita. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi kama samaki.

"Ditta," akasema, "leo ni Ijumaa."

Na kweli ilikuwa Ijumaa, Mama Mkubwa! Sikuwa nimefikiria.

Mama Ersilia hakumbembeleza. Alivuta pumzi tu, akasema, "Pierpaolo, sufuria ni nzito."

Basi! Mwanamume ambaye hajawahi kumwacha mama yake abebe hata mfuko wa vitunguu aliipokea kwa mikono miwili. Na ukiwa na mchuzi uliojaa huwezi kutazama chini, huwezi kutazama juu, unatazama mfuniko. Akapanda ngazi zote anatazama mfuniko. Alipoinua macho alikuwa ameshakaa, mkanda nimeshamfunga.

Mhudumu akaja, msichana mzuri, akasema, "Bwana, sufuria hiyo naomba iwekwe chini."

Mama Ersilia akamjibu, "Binti yangu, ukiiweka chini, na yeye atashuka."

Ikabaki mapajani. Tulipopaa alifumba macho, akawa anasali kwa mama wa Mungu na mama yake mwenyewe akiitikia. Nilipouona mlima nikapiga kelele, "Pierpaolo, Etna!" Akafungua jicho moja. Akasema polepole, "Uko upande ule ule niliokuambia." Na jicho hakulifunga tena. Tulipotua, pipi yangu ilikuwa bado mdomoni, nyembamba kama karatasi. Alisema kweli tangu mwanzo, mume wangu!

Mengine unayajua. Unajua gauni lilivyogoma ubavuni ukasema, "Tambi hizo." Unajua nilivyoingia Buskett mkono wangu ndani ya mkono wake, wapiga magitaa wakasimama, na wale waliocheka kwa mwanasheria wakapiga makofi. Sitasahau mpaka kufa. Unajua pia Mama Ersilia alivyosema sungura wako ana vitunguu saumu kupita kiasi, na alivyosema hivyo akiwa kwenye sahani ya tatu, na ulivyomjibu, na mchana wa pili mlivyogombania jiko lako kwa sababu ya mchuzi wake mpaka mkawa marafiki. Sasa anawaambia watu mtaani kwamba Malta kuna majiko mawili.

Tuliporudi Roma, Pierpaolo alipanda ngazi za ndege bila sufuria. Macho aliyafumba, lakini miguu ilikuwa yake.

Sasa nina swali. Mchana ule wa mkesha, kabla hatujaondoka Siggiewi, nilimkuta Baba Mkubwa zizini akiufunga mkokoteni wake riboni nyeupe. Nikamuuliza, "Baba, hizi ni za mbio?" Akasema, "Mwaka huu punda hakimbii. Ana kazi nyingine." Kisha nikamwona anauleta mkokoteni mpaka mlangoni, amevaa tai, anasimama pale, na wewe unamtazama kama mtoza kodi. Ukaingia ndani. Ukatoka na mfuko wa kitambaa. Ukapanda.

Mfuko huo hukuufungua Buskett jioni nzima. Ulikuwa na nini, Mama Mkubwa?

Mwanao mwenye mume anayeruka,
Ditta


Siggiewi, 21 Julai 1968

Ditta mwanangu,

Barua imefika. Safari hii mpeleka barua aliuliza kama kuna mtu ameshinda bahati nasibu.

Sisi wazima. Joto ni kali. Mwambie mama mkwe wako nimejaribu ule mchuzi wake, nikaongeza vitunguu saumu, sasa unalika. Mwambie mumeo balbu yangu ya jikoni imeungua, namngoja.

Jumapili nikisali niliona kitambaa cha altare ya kushoto kimechakaa pembeni na kina doa kubwa la nta. Inaelekea kipo hivyo kwa miaka na hakuna aliyeliona. Nimekichukua nikishone.

Umeuliza mfuko ulikuwa na nini. Ulikuwa na chumvi.

Censa

(Haikuwa chumvi, ilikuwa shela yake ya harusi. Aliivaa wakati wa kurudi, tulipotoka kwenye watu. Nilimpitisha punda njia ndefu. Salvu.)